Kadi ya Ushauri wa Malezi ya WHO na UNICEF: Tathmini ya Zana Inayokataa Kumgawa Mtoto

Kadi ya ushauri wa malezi iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa kushirikiana na UNICEF mwaka 2012 ni karatasi chache zenye michoro na sentensi fupi, ambazo mhudumu wa afya huzishika mkononi anapozungumza na mzazi kuhusu namna ya kucheza na kuwasiliana na mtoto wake. Haiuzwi. Mtu yeyote anaweza kuipakua kwenye intaneti pamoja na miongozo ya mkufunzi na ya mshiriki, akaichapisha na kuipiga laminesheni ili isiharibike kwa maji na mikono mingi. Nimeitumia katika kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Tanga, na naiandikia tathmini hii kwa kuwa naamini haijasomwa kwa uzito inaostahili. Wengi huichukua kuwa orodha ya michezo ya watoto. Kwangu mimi ni jibu, tena jibu zuri, kwa swali la zamani linaloendelea kuongoza huduma zetu bila sisi kujua: je, mwili wa mtoto na akili yake ni vitu viwili ambavyo kila kimoja hukua kwa njia yake, au ukuaji ni mmoja?

Ili kuelewa kadi hii inaleta nini, ni lazima kwanza tuitazame huduma ambamo inaingizwa. Kliniki ya mtoto, kwa namna tunavyoijua wengi, imejengwa kwa ajili ya mwili. Mama anafika asubuhi na mapema, anapanga foleni, mtoto anavuliwa nguo na kutiwa katika mfuko wa mzani wa kuning'inia, uzito unasomwa kwa sauti, nukta inawekwa kwenye mstari wa ukuaji, sindano ya chanjo inachomwa, na mama anatajiwa tarehe ya kurudi. Kazi hiyo naiheshimu kwa moyo wote. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na katika hali hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema mzani uondolewe. Hata hivyo, akili ya mtoto haina mahali pake katika foleni ile. Inasubiri chekechea, kana kwamba miaka mitatu au minne ya mwanzo ni ya kuutengeneza mwili, na baada ya hapo ndipo mwalimu ataanza kuitia akili ndani yake.

Chanzo cha mgawanyo huu kwa kawaida hutajwa kuwa ni mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, ambaye katika tafakuri zake zilizochapishwa mwaka 1641 alifikia uamuzi kwamba kuna vitu vya aina mbili: kile kinachofikiri lakini hakichukui nafasi, na kile kinachochukua nafasi lakini hakifikiri. Mwaka 1643 Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia barua akimuuliza swali ambalo mpaka leo wanafalsafa hawajakubaliana jibu lake: ikiwa roho ni kitu kinachofikiri tu, inawezaje kuusukuma mwili utende? Katika barua ya mwezi Juni mwaka huohuo Descartes alimjibu kwamba muungano wa roho na mwili hufahamika vizuri zaidi kwa hisi na kwa maisha ya kila siku kuliko kwa kutafakari. Jibu hilo nalithamini kuliko wengi wanavyolithamini, kwa sababu linaurudisha mjadala jikoni, kwenye beseni la kumwogeshea mtoto na mgongoni mwa mama, ambako mgawanyo wenyewe hauonekani kabisa.

Nadharia za ukuaji wa binadamu zilirithi mgawanyo huo hata zilipojitahidi kuukana. Arnold Gesell wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani aliorodhesha kwa uangalifu mkubwa umri ambao watoto huketi, husimama na hutembea, akaamini kwamba kinachoongoza mambo hayo ni upevukaji unaotoka ndani, huku mazingira yakiwa na sehemu ndogo. Mswisi Jean Piaget alikwenda mbali zaidi kwa kusema kwamba katika miaka miwili ya mwanzo mtoto hufikiri kwa mikono, kwa macho na kwa kinywa chake. Ni hatua kubwa, na kadi ninayoitathmini isingekuwepo bila hiyo. Lakini kwa Piaget mwili ni kama ngazi ambayo akili huipanda kisha ikaiacha, kwa kuwa kilele cha ukuaji kwake ni fikra dhahania zisizohitaji tena mikono. Mrusi Lev Vygotsky alikazia jambo jingine ambalo pia limo ndani ya kadi hii, yaani kwamba lile mtoto analolifanya leo akiwa na mwenzake ndilo atakaloliweza kesho akiwa peke yake.

Sasa tuifungue kadi yenyewe. Imegawa umri katika vipindi sita, kuanzia mtoto mchanga wa wiki ya kwanza hadi mtoto wa miaka miwili na zaidi, na kila kipindi kina ujumbe wa kucheza na ujumbe wa kuwasiliana. Kwa mtoto mchanga inashauri apewe nafasi ya kuona, kusikia, kuchezesha mikono na miguu kwa uhuru na kumgusa mama yake, na inataja kwamba wakati wa kunyonyesha ni wakati mzuri wa kumtazama machoni na kuzungumza naye. Kwa mtoto wa miezi sita hadi tisa inashauri apewe vyombo vya nyumbani vilivyo safi na salama avishike, avigonge na aviangushe, na mfano unaotolewa ni sufuria na kijiko. Kwa miezi tisa hadi kumi na miwili inashauri kificho: kifunike kitu anachokipenda kwa kitambaa, uone kama atakitafuta. Sentensi ni fupi kiasi kwamba mhudumu aliyemaliza darasa la saba anaweza kuzisoma bila kukwama, na hilo si jambo dogo katika zana ya aina hii.

Nitaeleza kipindi cha sufuria kwa undani, kwa kuwa hapo ndipo ubora wa kadi unapoonekana waziwazi. Katika kituo kimoja cha afya nilimwona muuguzi akimwuliza mama wa mtoto wa miezi minane swali ambalo mwongozo unamtaka aulize kabla ya kutoa ushauri wowote: huwa unazungumza naye vipi mtoto wako? Mama akajibu kwa upole, "Nesi, huyu bado hajui kusema, sasa nitazungumza naye nini?" Muuguzi hakumhutubia. Alimpa mtoto kikombe cha plastiki na kijiko, akamwomba mama atazame tu. Mtoto aligonga, akanyamaza, akamwangalia mama yake. Mama alicheka, akasema, "Eh, baba, umepiga ngoma!" Mtoto akagonga tena, safari hii macho yakiwa kwa mama kabla hata kijiko hakijafika kwenye kikombe.

Mtu akiulizwa tendo lile lilikuwa la mwili au la akili, atajibu nini? Mkono ulishika, sikio lilisikia, kumbukumbu ilihifadhi kwamba kugonga kulileta sauti, na kwa kurudia mtoto alionyesha kwamba sasa anatarajia kicheko. Piaget angeona pale mtoto anayerudia tendo ili aone tena matokeo yake. Mary Ainsworth, aliyezitembelea familia 26 karibu na Kampala miaka ya 1954 na 1955 na kujenga juu ya ziara hizo nadharia yake kuhusu mshikamano wa mtoto na mama, angeona mama anayezisoma ishara za mtoto na kuzijibu. Kadi haiwataji hata mmoja kati yao, na haihitaji kuwataja. Imeyaweka mambo hayo yote katika kijiko kimoja, na mama aliondoka akiwa na kitu cha kufanya jioni ileile.

Kuna utafiti mmoja ambao huwa nawasimulia wanafunzi wangu ninapoitambulisha kadi hii, kwa sababu unavunja mazoea ya kufikiri kwamba kila badiliko la mtoto linatoka kichwani. Mtoto mchanga akishikwa wima na nyayo zikagusa meza, hupiga hatua. Baada ya miezi michache hatua hizo hupotea, na kwa muda mrefu wataalamu walisema kwamba ni ubongo unaopevuka na kuuzima mwitikio huo wa kuzaliwa nao. Mwaka 1984 Esther Thelen na wenzake walichapisha majaribio ambamo watoto wachanga waliwekwa miguu ndani ya maji, ikawa myepesi, na hatua zikaongezeka. Walipofungiwa vizito vidogo miguuni, hatua zikapungua. Miguu ilikuwa imenenepa haraka kuliko misuli ilivyopata nguvu. Jambo lililodhaniwa kuwa la ubongo lilikuwa la uzito wa mapaja. Nikiunganisha utafiti huo na foleni ya kliniki, naona kwamba hata namba inayosomwa kwenye mzani ni sehemu ya habari ya nini mtoto anaweza kukijaribu, kukigundua na kukijua. Mzani na mchezo vinaeleza mtoto yuleyule.

Je, kadi inafanya kazi? Msingi wa kisayansi wa ushauri wa aina hii ni imara kuliko watu wengi wanavyodhani. Mjini Kingston, Jamaika, watoto 129 waliodumaa waligawiwa makundi: wengine walipewa maziwa ya lishe, wengine walitembelewa nyumbani kila wiki na mhudumu aliyewaonyesha mama zao namna ya kucheza nao, wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata nyongeza hiyo. Matokeo ya miaka miwili, yaliyochapishwa mwaka 1991, yalionyesha kuwa lishe na mchezo vyote viliinua maendeleo ya watoto, na waliopata vyote viwili walifanya vizuri zaidi. Walipofuatiliwa wakiwa na miaka 22, wale waliochezeshwa walikuwa na kipato kinachozidi cha wenzao wa kundi linganishi kwa asilimia 25, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2014. Kadi yenyewe, ikiwa imerekebishwa kwa mazingira ya huko, ilitumiwa na wahudumu wa afya wa jamii katika jimbo la Sindh nchini Pakistani, na utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha jozi 1,489 za mama na mtoto ulionyesha kuwa watoto ambao familia zao zilipata ushauri huo walikuwa mbele katika maendeleo yao walipofikisha miaka miwili. Matokeo hayo yalipatikana kupitia wahudumu wa kawaida waliokuwa na kazi nyingine nyingi, si kupitia wataalamu wa saikolojia, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ya zana hii.

Katika ukurasa wa pili, ule wa kushauri juu ya matatizo ya malezi, kuna sehemu ninayoipenda kuliko nyingine zote. Inahusu mtoto asiyeitikia au anayeonekana kuchelewa. Kadi inaagiza familia iongeze kucheza na kuwasiliana naye, mhudumu achunguze kama mtoto anaona na kusikia, apewe rufaa inapohitajika, na familia itiwe moyo kuwasiliana naye kwa mguso na kwa mwendo, pamoja na kwa lugha. Agizo hilo la mwisho linamlinda mtoto wa aina ile ambayo jamii humkatia tamaa mapema, kwani linakiri kwamba mlango wa akili si sikio peke yake. Kadi pia haikuweka tarehe kali za kila hatua, na imefanya vyema. Utafiti wa WHO katika Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6, na kwamba takriban asilimia 4 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti.

Kasoro zipo, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza ni kwamba kadi inayounganisha mwili na akili imeziacha nje stadi za malezi zinazoviunganisha kwa nguvu zaidi katika sehemu zetu za dunia. Nilimsikia bibi mmoja aliyemleta mjukuu kliniki akiulizwa, baada ya kuamkiwa shikamoo, wanacheza vipi na mtoto pale nyumbani. Alijibu, "Marahaba mwanangu. Mimi namkanda kila asubuhi, namnyoosha mikono na miguu huku namwimbia; akisikia harufu ya mafuta tu anaanza kurusha miguu." Mhudumu alitazama kadi, hakuona mahali pa kuliweka jibu hilo, akaendelea na ushauri wa kuchezesha vitu vya rangi mbele ya macho. Yule bibi alikuwa ameeleza mguso, mwendo, sauti na kumbukumbu ya mtoto kwa pamoja, na alistahili kusifiwa papo hapo. Kadi inataja kumgusa, kumbembeleza na kumshika mtoto mchanga, lakini kukanda, kubeba mgongoni na kumketisha kwa kumwegemeza havimo, na nyimbo zinatajwa katika kipindi cha miaka miwili na zaidi, wakati ambapo mtoto wetu amekwisha kubembelezwa kwa nyimbo tangu siku alipozaliwa.

Sisemi haya kwa kuutetea utamaduni tu. Charles Super, katika utafiti wake kwa jamii ya Wakipsigisi wa Kokwet nchini Kenya uliochapishwa mwaka 1976, alionyesha kwamba watoto wa huko waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani kwa takriban mwezi mmoja, na kwamba mama zao walikuwa wakiwafundisha mambo hayo makusudi, kwa mazoezi ya kila siku. Katika mambo ambayo hayakufundishwa, kama kutambaa, hawakuwa mbele. Hapa Gesell na upevukaji wake wa kutoka ndani hawatoshi, na ushahidi wa jambo hilo ulipatikana Afrika Mashariki. Ingekuwa haki kadi inayotumika Afrika Mashariki iuchukue.

Kasoro ya pili ni mpangilio wa safu mbili. Kucheza kuko upande mmoja na kuwasiliana upande mwingine, na nimeona wahudumu wapya wakielewa kwamba kucheza ni kwa ajili ya viungo na kuwasiliana ni kwa ajili ya akili. Mgawanyo uliofukuzwa mlangoni unarudi kupitia dirishani. Wakufunzi wenye uzoefu hulirekebisha hilo kwa kuuliza, baada ya kila zoezi, ni wapi mawasiliano yalitokea ndani ya mchezo, lakini zana nzuri isingelazimika kutegemea mkufunzi mzuri.

Ya tatu inanihuzunisha zaidi, nayo inamhusu mama. Kadi ina sehemu ya mlezi aliyeelemewa kiasi cha kushindwa kucheza na mtoto wake, na ushauri uliomo ni wa utu: sikiliza hisia zake, msaidie ampate mtu wa karibu wa kumweleza na kumsaidia kulea, mjengee kujiamini kwa kumwonyesha jambo dogo analoliweza, mpe rufaa kama huduma ipo. Lakini maneno hayo yote ni ya moyoni. Hakuna panapouliza kama amekula tangu jana, kama amelala usiku, kama alitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua au kama ana upungufu wa damu. Mama mwenye upungufu wa damu huchoka, hunyamaza, hukosa hamu ya kucheza, na mhudumu anayeifuata kadi neno kwa neno anaweza kumwona kuwa ni mwenye msongo wa mawazo na kuishia kumfariji, wakati vidonge vya madini chuma vipo dirisha la pili. Zana iliyokataa kumgawa mtoto imemgawa mama yake. Naamini toleo lijalo likiongeza mstari mmoja tu wa kuangalia afya ya mwili wa mlezi, kasoro hii itaondoka.

Kuhusu matumizi, tatizo ni muda. Muuguzi mwenye foleni ndefu hana dakika kumi za kuketi na kila mama, na miongozo ya kadi inadhania utulivu ambao vituo vingi havina. Mahali ambapo nimeona inafanya kazi vizuri ni kwenye benchi la kusubiri, mikononi mwa mhudumu wa jamii anayewakusanya akina mama watano au sita wenye watoto wa rika moja, na katika ziara za nyumbani, ambako baba, bibi na dada mkubwa nao huwepo na hushiriki. Tanzania ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayoweka pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi wa mtoto, kwa hiyo mhudumu anayeitumia kadi hii anatekeleza sera iliyokwisha kupitishwa, na kiongozi wa kituo hana sababu ya kuiona kuwa ni mzigo wa mradi wa wageni.

Naipendekeza bila kusita kwa vituo vya afya, kwa wahudumu wa jamii na kwa wazazi wenye watoto chini ya miaka miwili. Kwa walimu wa chekechea naipendekeza kwa kiasi tu, kwani kipindi cha miaka miwili na zaidi kimeandikwa kwa haraka na kinawaacha na machache ya kushika. Wazazi wa watoto wenye ulemavu watapata humo mwanzo mzuri, ila watahitaji msaada wa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Anayetaka kuichapisha aichapishe kwa rangi, kwenye karatasi nzito, pande mbili, na aiweke pale penye mzani, ili swali la "mnacheza naye vipi nyumbani?" liulizwe kabla uzito haujasomwa, wakati mama bado ana utulivu wa kulijibu.